Sarafu za mikoani

Nachonga mihuri. Banda langu liko jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma: meza, kompyuta, mashine ya leza inayonuka mpira ulioungua kutwa nzima, na kopo la nyembe na vichongeo nilivyoachiwa na mjomba, ambaye alichonga kwa mkono tangu enzi muhuri mmoja ukisubiriwa wiki nzima. Wateja wangu ni vikoba, maduka ya dawa, shule binafsi, makanisa, misikiti na wakandarasi. Mwaka 2018 Dodoma ilipopandishwa kutoka manispaa kuwa jiji, kila mwenye neno "Manispaa" kwenye muhuri wake alitaka liondoke upesi, nami nikawa nafunga banda usiku wa manane. Mji ukipewa cheo kipya, wa kwanza kushika hela ni mchonga mihuri.

Habari ya sarafu ilianza na tembo. Mzee mmoja mstaafu wa reli aliniletea picha kwenye simu, akitaka tembo yule awe kwenye muhuri wa kampuni ya utalii ya mwanawe. Picha ilikuwa na ukungu, ikabidi nitafute nyingine. Kumbe ni tembo wa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, wakati Wajerumani wamezingirwa na vita na hela za kutoka kwao haziingii. Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, huko Iramba, Singida. Upande mmoja kuna tai wa Kaiseri, na upande wa pili tembo mbele ya milima. Mwenye mamlaka kapewa upande wake, na nchi ikapewa wake.

Nikaendelea kutafuta sarafu nyingine za namna hiyo, zilizopigwa mbali na makao makuu, nikaangukia kwa Warumi. Sijatoka huko mpaka leo.

Roma ilipotawala mashariki (Ugiriki, Uturuki ya leo, Syria, Palestina, Misri) haikuletea kila mji chenji. Shaba ndogondogo za sokoni miji mingi ilijipigia yenyewe, kwa maandishi ya Kigiriki. Mbele aliwekwa mfalme wa Roma au mtu wa nyumba yake. Nyuma mji uliweka ulichotaka. Mambo yalikwenda hivyo tangu karne ya 1 kabla ya Kristo hadi mwisho wa karne ya 3 baada yake, katika mamia ya miji, halafu yakakoma. Wataalamu wanaziita sarafu za majimbo. Mimi naziita sarafu za mikoani, na hapa Tanzania sidhani kama kuna mtu atahitaji kuelezwa tofauti ya cha mkoani na cha makao makuu. Wataalamu wa Uingereza na Ufaransa walianza kuchapisha orodha yake kubwa mwaka 1992, na siku hizi unaweza kuipekua bure kwenye intaneti. Mimi huipekua usiku, nikishafunga hesabu, bando likiruhusu.

Nyingi hazina la kushangaza: mungu kasimama, mungu kaketi, hekalu lenye nguzo nne. Unapita tu. Dionisio, mungu wa mvinyo, yupo kila mahali akimmiminia chui kikombe chake, na sisi wa mji wa zabibu tunamsalimia kwa heshima na kuendelea. Halafu ghafla unakutana na kitu kinachokusimamisha.

Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik, nchini Uturuki, ulipiga sarafu ya aina hiyo enzi za kaisari Antoninus Pius na tena enzi za Gordian III, aliyetawala mwaka 238 hadi 244. Kuna mpanda farasi mwenye kofia yenye ncha iliyolala mbele. Hadi hapo sawa. Sasa tazama farasi. Mguu wa mbele unaokanyaga chini una vidole vya mtu. Mguu wa mbele ulionyanyuliwa unaishia kwenye mkono wa mtu, na mkono huo umeshika fimbo iliyozungukwa na nyoka. Mkia nao ni nyoka, kichwa kimeinuka. Juu anaruka mungu mdogo wa ushindi akileta taji. Pembeni yameandikwa maneno ya kumtambulisha: farasi mwenye miguu ya binadamu, wa watu wa Nikea.

Soma tena maandishi hayo. Yanakuambia unachokiona, basi. Mpandaji hatajwi, fimbo haielezwi, wala kwa nini Nikea. Suetonius, aliyeandika maisha ya makaisari, anasema Julius Caesar alikuwa na farasi ambaye kwato zake zilipasuka mithili ya vidole vya mtu, na hakukubali kupandwa na mwingine. Kwa hiyo wapo wanaosema mpandaji ni Caesar. Wengine wanasema ni Men, mungu wa mwezi wa sehemu zile, kwa sababu ya kofia. Mimi nilichokiona kwanza ni ule mkono. Nafasi yake ni ndogo kuliko punje ya mchele, na fundi aliuchonga ndani ya chuma, kinyumenyume, kushoto kuwe kulia, kilichozama kije kutokeza. Nimewahi kuchonga mkono ulioshika jembe kwa ajili ya chama cha wakulima, kwa wembe, umeme ulipokatika na mteja amekaa ananitazama. Vidole ndivyo vinavyoshinda. Kimoja kikikatika unaanza upya. Fundi hawezi kuweka vidole kwenye mguu wa farasi kwa bahati mbaya. Aliambiwa aweke, na waliomwagiza walijua wanataka nini.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wanaoandika kwamba sarafu hizi zina siri. Mteja wangu akija na mchoro wa chungu juu ya mafiga mawili, simuulizi la tatu liko wapi. Yeye anajua, wanachama wake wanajua, na muhuri ni wao. Alama huchongwa kwa ajili ya watu ambao tayari wanaijua, na ndiyo maana haina maelezo. Watu wa Nikea walikuwa na hadithi yao, watoto waliisikia kwa bibi zao, hadithi ikafa na hela ikabaki.

Mahali pachache hadithi imebaki na hela pia, na hapo inapendeza. Apamea ya Frigia, siku hizi Dinar, Uturuki. Mwanzoni mwa karne ya 3, chini ya kaisari Septimius Severus, mji ule ulipiga shaba kubwa yenye jina la Artemas, msimamizi wa michezo ya mji. Nyuma kuna sanduku la mraba linaelea majini, kifuniko wazi. Ndani mwanamume na mwanamke wanaonekana kuanzia kiunoni. Juu ya kifuniko katua ndege, na mwingine anakuja na tawi miguuni. Kando ya sanduku wamesimama mwanamume na mwanamke, mikono ya kulia juu. Ni walewale wawili, sasa wametoka. Na kwenye ubavu wa sanduku kuna herufi tatu za Kigiriki: NŌE. Nuhu.

Nuhu huyu yuko kwenye hela ya mji wa wapagani, mbele kuna kaisari aliyeabudu miungu yake, na hiyo ni zaidi ya miaka mia moja kabla Roma haijawa ya Kikristo. Wengine walidhani maneno yale yamechongwa baadaye na matapeli, lakini sarafu za kaisari mwingine na mwingine zilionyesha jambo lilelile: Macrinus, Philip, Trebonianus Gallus. Maelezo yapo, na yote ni ya kimkoani. Apamea iliitwa kwa jina la utani Kibotos, yaani sanduku, na neno hilohilo Wayahudi waliosoma Maandiko kwa Kigiriki walilitumia kwa safina. Wayahudi wenyewe walikuwepo pale kwa wingi: Cicero, wakili maarufu wa Roma, akimtetea gavana aliyeshtakiwa, anataja dhahabu yao iliyokamatwa Apamea, inayokaribia ratili mia. Na yapo mashairi ya kale ya utabiri, yaitwayo ya Kisibila, yanayosema mlima ilipotua safina uko Frigia, kwenye chemchemi za mto Marsyas, ambazo ni za Apamea penyewe. Kwa hiyo mtu wa pale alipomtazama Nuhu hakuona habari ya kigeni. Aliona mlima wa kwao.

Nilimwonyesha picha hiyo mchungaji anayechongesha mihuri kwangu. Akaitazama sana, akauliza swali moja: "Wanyama wako wapi?" Hawamo. Fundi alikuwa na nafasi ya watu wanne na ndege wawili, akachagua. Swali la mchungaji lilikuwa la mtu anayejua gharama ya muhuri mkubwa.

Abonuteichos sitaipita haraka, kwa sababu pale tunaye mshitaki. Ni mji mdogo wa pwani ya Bahari Nyeusi, leo Inebolu. Katikati ya karne ya 2 alitokea hapo nabii aitwaye Alexander, akiwa na mungu wake, nyoka Glykon. Sarafu zinamwonyesha Glykon amejiviringisha, ana kichwa chenye nywele, na jina lake limeandikwa. Lucian, mwandishi mwenye ulimi mkali aliyeishi wakati huo, anasema nyoka alikuwa wa kweli, mkubwa na mpole, ila kichwa kilikuwa cha kitani kilichopakwa rangi, mdomo ukifunguka kwa kuvutwa nywele za farasi. Sauti ya mungu ilipitishwa kwenye makoromeo ya ndege korongo yaliyounganishwa, mtu akisema kutoka nje. Lucian anaongeza kwamba Alexander alimwomba kaisari mji ubadilishwe jina uitwe Ionopolis na ipigwe sarafu mpya, Glykon upande mmoja na yeye mwenyewe upande wa pili. Jina lilibadilika. Glykon akaendelea kutoka kwenye hela miaka mingi baada ya nabii kufa, na mwaka 1962 sanamu yake ya marumaru ilichimbuliwa Constanța, Romania. Mtu aliyeishi Tanzania miaka hii ishirini hahitaji kuelezwa jinsi nabii anavyojaza watu. Kilichonigusa mimi ni kuomba hela mpya. Alexander alijua kazi ya muhuri kuliko wateja wangu wote.

Halafu yapo mawe. Pafo, kule Saiprasi, hekalu la Afrodita: sarafu zinalionyesha kwa mbele, chumba kirefu katikati na viwili vifupi pembeni, njiwa juu ya paa, na ua wa nusu duara. Mahali pa mungu wa kike wa mapenzi, ambaye Wagiriki wengine walimchonga kwa uzuri wote walioujua, pamesimama jiwe. Pana chini, jembamba juu. Titus, aliyekuja kuwa kaisari, alilitembelea hekalu hilo mwaka 69, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anapolisimulia anasema sanamu haina umbo la mtu, anaeleza lilivyo, kisha anakiri kwamba sababu yake haijulikani. Nampenda Tacitus kwa hilo. Emesa, ambayo ni Homs ya Syria, nako kulikuwa na jiwe jeusi na tai mbele yake, na kaisari kijana Elagabalus alilihamishia Roma kabisa. Kwenye sarafu utaliona limepanda gari la farasi wanne, halina dereva.

Mzee mmoja wa Kigogo, jirani yangu wa nyumbani, hupita bandani akitoka sokoni. Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Huyu ni mungu wao, mzee. Wa kike."

"Mbona hana uso?"

"Ni jiwe tu."

Akaona ni kawaida. Akaniambia watemi wa Ugogo walikuwa na mawe ya mvua, nayo hayakuwa na uso. Kisha akakunja uso wake yeye. "Sasa hawa wakaliweka kwenye hela? Kila mtu alione, mlevi alishike?"

Tangu hapo naliona jiwe la Pafo kwa jicho lake. Wasomi wanahangaika na umbo. Yeye umbo halikumsumbua hata kidogo, kilichomsumbua ni watu kulitangaza. Na kweli ukitazama Kaisaria ya Kapadokia, leo Kayseri, Uturuki, walitangaza mlima mzima. Mlima Argaeus, sasa Erciyes, wenye theluji kileleni na urefu wa zaidi ya mita 3,900, uko kwenye hela zao kizazi hadi kizazi: mara juu ya madhabahu, mara ndani ya hekalu, mara nyota juu yake, na mabaka yake ya mawe yamechongwa moja moja. Mwanafalsafa Maximus wa Tiro aliandika kwamba kwa Wakapadokia mlima ni mungu, ni kiapo na ni sanamu. Nilimsomea mzee. Akasema hao sasa amewaelewa.

Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, kwa upande wao waliweka mbwa aking'ata konokono wa baharini, kwa sababu inasimuliwa kwamba rangi ya zambarau iligunduliwa pale mdomo wa mbwa ulipotapakaa. Mji uliotajirika kwa rangi ukamshukuru mbwa. Hiyo naipenda bila maelezo zaidi.

Misri ni ulimwengu mwingine na inahitaji andiko lake. Aleksandria ilikuwa na shaba kubwa, upana wa milimita 33 na zaidi, na kila moja imeandikwa mwaka wa utawala. Mwaka wa 2 wa Antoninus Pius, yaani 138 kuelekea 139, alitokea feniksi, ndege wa hadithi, mwenye miale kichwani na neno la Kigiriki la enzi isiyo na mwisho. Ndio wakati ambao mwaka mpya wa Kimisri ulikutana tena na kuchomoza kwa nyota Sirius, mzunguko wa miaka 1,460. Lakini ninayorudia kuitazama ni ya mto Nile: mzee mwenye ndevu amejiegemeza juu ya mamba, ameshika unyasi, na hewani pametundikwa tarakimu 16. Ni dhiraa 16, kina cha maji walichokiombea kila mwaka, pungufu sana ni njaa. Hapa kwetu, ambako mvua zina msimu mmoja na watu wanazihesabu, hela yenye kipimo cha maji ingeeleweka hata kwa mtoto. Na sehemu ya maji ya mto ule inaanzia Kagera na kwenye Ziwa Victoria, jambo ambalo fundi wa Aleksandria hakulijua.

Sasa niseme ya karakana, maana huko ndiko ninakoona vitu. Mwaka 1972 kilichapishwa kitabu cha Mjerumani Konrad Kraft kikionyesha kwamba miji mbalimbali ya Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, ilipigiwa sarafu kwa chapa moja ya uso wa kaisari. Uso uleule, ufa uleule kwenye chapa, ila nyuma mji mwingine. Maana yake walikuwepo mafundi waliohudumia miji kadhaa: uso wanao tayari, mji unalipia upande wa nyuma. Wallahi, nilicheka peke yangu bandani. Mimi nina duara moja la mihuri, lina mkwaruzo mdogo karibu na nyota ya kushoto tangu nilipolichora, na mkwaruzo huo sasa umo kwenye mihuri ya nusu ya vikoba vya Chang'ombe. Atakayekuja kuchunguza atanikamata.

Vyeo pia vilipitia kwa mafundi hao. Mji uliojenga hekalu la kaisari kwa kibali ulijiita mtunza hekalu, ukipata la pili unaandika mara mbili, na Efeso chini ya Elagabalus ikaandika kwamba ni wao peke yao waliopata mara nne. Nikea na jirani yake Nikomedia waligombania neno "wa kwanza" miaka mingi, hata msemaji mashuhuri wa wakati huo, Dio Chrysostom, akawaambia watu wa Nikomedia kwamba Warumi wanawacheka. Yaliyobaki nyuma ya sarafu ni maneno yamebanwa mpaka ukingoni, herufi zimepunguzwa, kwa sababu cheo kimekua na shaba haikukua. Kila mchonga mihuri anayajua maumivu hayo.

Na mara nyingine walipiga muhuri juu ya sarafu yenyewe. Jeshi la Kumi la Roma, lililobaki Yerusalemu baada ya mji kubomolewa mwaka 70, lilizigonga hela zilizochakaa alama zake: nguruwe mwitu, merikebu, na herufi LXF, kifupi cha jina la jeshi hilo kwa Kilatini. Uso wa zamani umefutika, nguruwe bado mkali.

Hizi zetu je? Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zina Mwalimu mbele, na nyuma ya senti hamsini kuna sungura. Senti ishirini mbuni, senti tano samaki, shilingi mwenge. Mwenge utaelezeka, umeandikwa vitabuni. Sungura ndiye atakayewatesa. Nawaona wakijadili miaka 1,800 ijayo kama alikuwa mungu wa uzazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia hadithi ya sungura na fisi jikoni kwa bibi yake.

Mwezi uliopita kikundi cha bodaboda cha kijiwe cha hapa jirani kiliniagiza muhuri. Mwenyekiti wao alitaka pikipiki, kama kila kijiwe. Akiwa anasubiri akaiona karatasi niliyojaribishia farasi wa Nikea, mpira wa milimita 30, wino wa buluu.

"Dada, huyu mnyama gani?"

Nikamweleza yote, Caesar, Men, kofia, fimbo.

"Kwa hiyo hakuna anayejua."

"Hakuna."

Akaenda kuongea na wenzake waliokuwa nje juu ya pikipiki zao. Walibishana, wakacheka, mmoja akashuka akaja kuchungulia mguu wenye vidole. Wakakubaliana. Sasa farasi yule anagongwa kwenye risiti za michango yao ya kila wiki, na nilipomuuliza mwenyekiti wanawaambiaje wanaouliza, akasema hiyo ni ya wanachama.